UZI: Evo ilianza na watu 40 ukumbini. Sisi tunasubiri nini kufanya tamasha letu la gemu?

Chogo_Temeke

Wakuu habari za wikiendi. Uzi ni mrefu, mwenye bando dogo ahifadhi asome akitulia.

Juzi pale kibandani kwangu pa kuchezea magemu dogo mmoja wa fomu tuu kaniuliza, "bro, hivi wale wanaoendaga Evo wanachaguliwa na nani?" Nikamwambia hawachaguliwi na mtu. Unajiandikisha mtandaoni, unalipa, siku ikifika unaenda na pedi yako unakaa kwenye kiti. Akanikatalia kabisa. Yani kichwani mwake mashindano ya dunia lazima uwe na klabu, uwe na kocha, uwe na mtu wa kukusemea, na mtaa kama wetu haumo. Nimekaa na hilo jibu lake siku tatu, nikaona acha niandike, maana nahisi wengi humu tunaamini hivyo hivyo na ndo maana kila mwaka stori ya "tufanye tamasha letu la magemu" inaishia kwenye "tutafute mdhamini kwanza".

Kwa wasiojua, Evo ni tamasha la gemu za ngumi: Street Fighter, Tekken, Guilty Gear na ndugu zao. Kwao ni Las Vegas tangu 2005. Mimi sijawahi kufika, ninayoyasema nimeyafuatilia laivu miaka zaidi ya kumi usiku wa manane na kusoma kila nilichokipata.

Ilivyoanza sasa. Mwaka 1996, California, mji wa Sunnyvale, kuna ukumbi wa michezo unaitwa Golfland, watu kama 40 wakakutana kumaliza ubishi wa nani mkali wa Street Fighter. Wakaita Battle by the Bay. Walioijenga Evo ni ndugu wawili, Tom na Tony Cannon, na wenzao Joey Cuellar na Seth Killian, wote wachezaji. Ule ubishi mnaujua, wa "mtaani kwetu kuna jamaa hapigiki", Temeke wana mtu wao, Manzese wana wao, Tandika ndo usiseme, na dawa yake ni moja tu, watu waje wakae benchi moja. Jina la Evolution, kifupi ndo Evo, likaja 2002. Mwaka 2004 wakaacha zile mashine za kusimama za kutumbukiza sarafu wakahamia kwenye konsoli, mashine za nyumbani kama PlayStation.

Na 2004 hiyo hiyo, pale chuo cha Cal Poly Pomona, ikatokea ile ngoma ambayo kama unacheza gemu za ngumi lazima uijue. Gemu ni Street Fighter III: 3rd Strike. Daigo Umehara wa Japani anacheza na mhusika Ken, Justin Wong wa Marekani anacheza na Chun-Li. Daigo damu, yani uhai wa mhusika wake, imebaki kamstari, kiasi kwamba hata akizuia kawaida anakufa, sababu kwenye ile gemu pigo kubwa linakula damu kidogo hata kama umezuia. Justin analijua hilo, anaachia pigo kubwa la Chun-Li, mateke 15 mfululizo. Njia ya kupona iliyobaki ni kugonga stiki kwenda mbele, kulifuata teke, sekunde ile ile linapofika. Ukiwahi umekufa, ukichelewa umekufa, na teke la kwanza inabidi ulitabiri maana ukisubiri ulione hauwahi. Daigo akayala yote, la mwisho akaruka akalikinga hewani, akatua na kombo, yani mapigo ya mfululizo, Chun-Li chini.

Itafuteni ile video halafu msiangalie skrini, sikilizeni ukumbi. Watu wanaanza kupiga kelele kabla mateke hayajaisha. Mimi ndo kinachonipa vipele kila nikiiangalia, kwasababu mtu ambaye hachezi asingejua kwamba kuna kitu kinatokea, lakini pale karibu kila mtu ni mchezaji, anaujua ule ugumu kwenye vidole vyake mwenyewe. Na kitu wengi hawajui, ile haikuwa fainali kubwa. Ilikuwa fainali ya upande wa walioshapoteza mechi moja. Daigo akaenda fainali yenyewe akapigwa na Mjapani mwenzake, Kenji Obata. Hakuna anayeikumbuka ile fainali.

Upande wa walioshapoteza ni nini? Hapo ndo namjibu yule dogo. Evo droo yake iko wazi. Wote mnamwagwa kwenye makundi, bingwa wa dunia na wewe uliyetoka kazini Ijumaa. Ukipoteza ya kwanza unashushwa upande wa pili, ukipoteza ya pili umemaliza. Kwa miaka mingi kujiandikisha gemu moja ilikuwa dola 10 juu ya tiketi ya mlangoni, na ile kumi inaingia kwenye chungu cha zawadi, yani wachezaji wenyewe ndo wanamlipa bingwa. Mwaka 2023 Street Fighter 6 imetoka Juni, Agosti tayari watu 7,061 wamejiandikisha gemu hiyo moja. Elfu saba! Wengi kati yao walijua kabisa wanaenda kupigwa mbili na kutoka, na wakalipa nauli wakaenda.

Ukishatoka sasa hauendi nyumbani. Kuna mistari na mistari ya monita za kucheza bure, kuna kona watu wameleta konsoli zao na gemu za zamani wanaendesha mashindano yao madogo pembeni, kuna wachoraji wanauza michoro, kuna waliovaa kosplei, yani mavazi ya wahusika wa gemu kama Chun-Li na Jin wa Tekken, na usiku kwenye vyumba vya hoteli watu wanawekeana hela mezani wanacheza mpaka asubuhi. Hayo yote yanabebwa na watu waliokwisha kupoteza.

Naendelea chini, ngoja nipokee wateja.

KisauniPad

Shukran sana ndugu yangu, umenikumbusha mbali. Huku kwetu Mombasa banda la PS lilikuwa hivyo hivyo, Tekken 3, anayeshinda abaki, anayepigwa ainuke alipe tena akae foleni. Nimeingia na shilingi kumi nikakaa kiti saa mbili. Na kulikuwa na mzee mmoja fundi wa saa, mtu mzima na kazi zake, alikuwa akija baada ya alasiri, acheza na mhusika King, hakuna kijana aliyemtoa. Sijawahi kuona sehemu nyingine ambapo mtoto wa miaka kumi na mzee wa hamsini wakaa sawa namna ile na yule mtoto aruhusiwa kushinda.

Ila nikuulize, si hiyo Evo ilishanunuliwa na kampuni? Sasa ile roho ya mwanzo ipo?

Chogo_Temeke

Swali zuri sana mkuu na sitaki kulikwepa. Ndio, 2020 walishindwa kufanya, kwanza korona, wakahamishia onlaini, halafu zikatoka tuhuma nzito dhidi ya mmoja wa viongozi, ikafutwa kabisa. Mwaka 2021 Sony na kampuni inaitwa RTS wakanunua. Bei za tiketi leo sio za zamani na mimi hilo linaniuma. Ila droo imebaki wazi, na hilo ndo naliangalia kuliko yote, siku watakayosema wanaingia walioalikwa tu mimi nitaacha kuiangalia.

Tena naomba niwape mfano mmoja wa jinsi watu wa gemu walivyo na nguvu wakitaka. Mwaka 2013 kulikuwa na nafasi moja ya gemu kwenye orodha, wakaambiwa ambayo mashabiki wake watachanga zaidi kwa ajili ya utafiti wa saratani ya matiti ndo itaingia. Watu wa Super Smash Bros. Melee, gemu ya 2001, wakachanga zaidi ya dola 94,000 wakashinda. Karibu na siku yenyewe Nintendo, wenye gemu, wakasema isirushwe laivu. Mashabiki walivyowaka mtandaoni, ndani ya masaa Nintendo wakarudi nyuma, ikarushwa.

Na wale wa Melee mpaka leo wanabeba TV za chogo kwenda mashindanoni. Sio kwa kukumbuka zamani, ni kwamba chogo haina lagi, ukibonyeza linatokea, wakati flati nyingi zinachelewesha picha kidogo na kwenye gemu inayokwenda fremu, yani picha, 60 kwa sekunde hicho kidogo unakisikia. Jina langu humu limetoka hapo. Ninazo chogo tatu kibandani na siuzi.

Rock City Ling

Mkuu Chogo mi niko Mwanza. Yote sawa ila kwanini tuhangaike na kumbi wakati siku hizi mtu anacheza onlaini na mtu wa Japani akiwa kitandani? Mashindano si yafanyike onlaini tu, nauli hamna, ukumbi hamna.

Chogo_Temeke

Ling, nikikujibu kwa kifupi: jaribu kucheza na Mjapani kwa bando letu halafu uje.

Kwa urefu ni hivi, na hii wengi itawafurahisha. Yule Tony Cannon niliyemtaja juu ndo aliyetengeneza GGPO, programu ya kuchezesha gemu onlaini, mwaka 2006, baada ya kukerwa na toleo moja la Street Fighter II kwenye Xbox 360 lilivyokuwa linacheza vibaya onlaini. Kabla ya hapo gemu ilikuwa inasubiri kitufe cha mwenzako kisafiri kifike ndo isonge, kwahiyo mkiwa mbali wote mnacheza kama mko kwenye uji. GGPO yeye anakisia. Anachukulia kwamba mwenzako anaendelea na kile alichokuwa anakifanya, picha inasonga, halafu kitufe halisi kikifika kikiwa tofauti gemu inarudi nyuma fremu kadhaa, inasahihisha, inakimbia mbele tena haraka mpaka jicho halishtuki. Hiyo ndo watu wanaita rolibaki na leo gemu kubwa za ngumi, Street Fighter 6 na Guilty Gear Strive zikiwemo, zinatumia mtindo huo.

Kwahiyo mtu aliyetusaidia tucheze tukiwa mbali ni yule yule aliyeanzisha tamasha la kukutana ana kwa ana. Na hakuacha lile la kukutana. Mimi naamini alijua kwamba rolibaki inasahihisha picha lakini haifupishi bahari, Dar mpaka Tokyo ni mbali vile vile. Nyie wa Mwanza mkicheza onlaini kati yenu ni sawa na mfanye kila siku. Ila mtu akikupiga onlaini unasema lagi. Akikupiga amekaa kushoto kwako bega kwa bega unamgeukia unamuuliza "ile umefanyaje?" na anakuonyesha. Mimi vyote ninavyovijua kwenye Tekken nimejifunza kwa hilo swali.

Abuu wa Deira

Assalam alaykum wakuu. Mimi mtu wa Zanzibar, kazi zangu Dubai. Kuongezea tu, hiyo Evo 2023 ya watu elfu saba mnajua nani alichukua Street Fighter 6? AngryBird wa huku Emirates. Siku ile dukani tulikuwa watatu, Mzanzibari, Mpakistani na Mfilipino, tunaangalia kwenye simu moja, wateja wanasubiri. Sisi wa huku tulizoea kwamba mabingwa ni Japani, Korea na Marekani basi. Yule Mpakistani akaniambia "sisi tulishaanza 2019". Chogo hiyo ya Pakistan unaijua, iandike.

Chogo_Temeke

Waalaykum salaam Abuu. Nilikuwa naiweka mwisho kwa makusudi, maana kwangu hii ndo yenyewe.

Arslan Ash, kijana wa Lahore, Tekken. Kwao gemu imekulia kwenye vibanda na kumbi za mtaani, sio kwenye maakademi. Februari 2019 kuna Evo Japan, Fukuoka. Safari yake ilikuwa mateso, shida za viza, ndege, na viwanja vya ndege alivyopita hakupata wa kumbadilishia rupia zake akasafiri na njaa. Akafika kachoka, akakaa, akawapiga wakubwa, akachukua kombe. Walipomuuliza akasema kwao Pakistan kuna wengine wakali ambao dunia haiwajui. Watu wakadhani ni maneno ya furaha. Mkorea Knee, mmoja wa wakubwa kabisa katika historia ya Tekken, yeye hakudhani. Mwaka huo huo akapanda ndege akaenda Pakistan kucheza nao. Akakuta ni kweli. Agosti 2019, Las Vegas, fainali kubwa ya Evo ikawa Arslan Ash na Knee, na Arslan akachukua tena. Baadaye akachukua 2023, akachukua 2024 kwenye Tekken 8.

Nisomeni vizuri hapo katikati. Bingwa alitoka Korea akawafuata vibandani. Wale vijana wa Lahore hawakusubiri kutambuliwa ndo waanze kucheza kwa nguvu, walikuwa wanaumizana wenyewe kwa wenyewe miaka na miaka mpaka wakawa hatari, na siku mmoja alipofanikiwa kupenya mlangoni nyuma yake kulikuwa na kundi zima.

Na mlango ni mgumu kweli, sitaki kumdanganya mtu. Mwaka juzi rafiki yangu alijiandikisha mashindano ya nje, akalipia, akapeleka makaratasi kwenye ubalozi mmoja hapa mjini, barua ya kazi, taarifa za benki, mwaliko, kila kitu. Akanyimwa kwa karatasi ya mistari miwili. Ile siku alikuja kibandani akakaa kwenye ile chogo ya pembeni, akacheza peke yake mpaka nafunga. Hiyo siwezi kuitatua kwenye uzi. Ila kiwango cha mchezo wetu tunaweza.

binti_wa_Nina

Kaka Chogo naomba niseme moja. Wote mnazungumzia vibanda kama sehemu iko wazi kwa kila mtu. Kwa mvulana, sawa. Mimi nimecheza Tekken tangu darasa la sita kwa binamu yangu na mara ya kwanza kuingia kibandani peke yangu nilikuwa na miaka 19, na niliulizwa nimekuja kumtafuta nani. Kenya wana Queen Arrow, Sylvia Gathoni, anacheza Tekken, aliwahi kusajiliwa na timu ya nje inaitwa UYU akiwa anasoma sheria. Nilipomuona ndo nikajua sijachanganyikiwa. Hilo tamasha mkilifanya wekeni siku ya mchana, wekeni choo kinachofungika, na mtu akitukanwa mtukanaji atolewe hata kama ndo anaongoza droo. Nitakuja na nitaleta wenzangu wanne.

Chogo_Temeke

Dada angu umeniambia ukweli na nimeupokea. Choo cha kibandani kwangu hakina komeo, linawekwa kesho. Na hiyo ya kutukana inakuwa sheria ya kwanza kabisa kwenye karatasi ukutani.

Sasa kosa langu mwenyewe ili tusirudie. 2022 nilishafanya mashindano. Nikakodi ukumbi, nikakodi flati nane, nikachapisha mabango, hela yangu ya miezi mitano. Walikuja watu 23. Flati hazikuwekwa kwenye mpangilio wa gemu, zikawa zinachelewa, watu wanakosa kombo wanazozijua wanadhani wamelogwa. Pedi zote zilikuwa bila waya na bado zimeunganishwa na mashine walizochezea mwanzo, kwahiyo nusu fainali, raundi ya mwisho, mtu aliyekaa pembeni kagusa kitufe cha katikati cha pedi yake, gemu ikasimama. Wakakaribia kupigana kweli. Umeme ukakatika saa mbili, jenereta halikuwepo. Fainali haikuchezwa mpaka leo, na wale wawili bado wananidai.

Nilichojifunza: sikuhitaji ukumbi. Nilihitaji waya. Huko Evo wenyewe mchezaji anajua akimaliza mechi lazima aitenganishe pedi yake na mashine, sheria ndogo namna hiyo ndo inabeba watu elfu saba.

Kwahiyo nachosema ni hiki. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kibandani kwangu, saa nne asubuhi mpaka kumi na mbili jioni. Watu 16 tu. Tekken 7 sababu PS4 ndo tunazo. Ukipoteza mbili umetoka. Kiingilio buku mbili na yote inaingia kwenye chungu, mimi sichukui hata mia. Pedi za waya, au bila waya lakini inatenganishwa mbele yangu. Pembeni kwenye chogo tunaweka Tekken 3, bure, anayeshinda anabaki, kwa ajili ya wale waliokwisha kutolewa. Kila mwisho wa mwezi tunarudia, tukiwa 16 sawa, tukiwa 9 sawa. Kisauni, Mwanza, fanyeni yenu kwa droo hiyo hiyo, na Desemba tutume watu wawili wawili kwa basi. Mwenye monita na anaishi karibu aseme.

Mbagala_Monita

Nina monita mbili za inchi 24 na waya wa HDMI wa mita tatu. Nakuja nazo. Niandike namba 4.

binti_wa_Nina

Sisi watano, kama nilivyosema.

KisauniPad

Huku nimeshaongea na mwenye banda, amekubali Jumapili. Yule mzee fundi wa saa bado yupo hai alhamdulillah, nitampelekea habari mwenyewe.

dogo_F2

Bro ni mimi yule wa juzi. Naweza kujiandikisha hata kama sina pedi yangu?

Chogo_Temeke

Namba 11. Utatumia ile yangu ya bluu, kitufe cha L1 kinagoma kidogo nitakifungua nikisafishe kabla. Njoo saa tatu tuchomeke waya.